Kamera ya bosi inaishia wapi?

Kwenye taksibisi zinazotoka Katuba kwenda mjini Lubumbashi, mabishano ya siku hizi mara nyingi yanaanzia kwenye simu. Mtu anamwonyesha jirani yake video: duka, kaunta, kijana wa kazi anatia kitu mfukoni, na juu ya picha wameandika kwa herufi nyekundu "mwizi". Picha imechukuliwa kutoka pembe ya dari, kwa hiyo imetoka kwenye kamera ya duka lenyewe. Abiria mmoja anasema patron, yaani bosi, ana haki, duka ni lake. Mwingine anajibu: "Hapana, banamuharibia jina, sheria inakataza." Wa tatu anawanyamazisha wote wawili kwa kusema kwamba Congo hakuna sheria ya mambo ya kamera. Huyu wa tatu ndiye aliye mbali zaidi na ukweli, na bahati mbaya ndiye anayeaminiwa haraka.

Tuanze na maneno yenyewe. Faragha ni ile sehemu ya maisha ambayo mwenyewe ndiye anayeamua nani aijue: mwili wake, ugonjwa wake, mazungumzo yake, ujumbe wake, mambo ya nyumbani kwake. Data binafsi ni habari yoyote inayoweza kumtambulisha mtu: jina, namba ya simu, alama ya kidole, na sura pia. Video inayoonyesha uso wako ukiwa kazini ni data binafsi yako, hata kama kamera ni ya bosi, umeme ni wa bosi na ukuta ni wa bosi. Chombo ni mali yake. Sura yako si mali yake. Ana ruhusa tu ya kuitumia, na ruhusa hiyo ina mipaka.

Mipaka hiyo imeandikwa wapi? Ya kwanza imo katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 31: kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake, na haki hiyo haiguswi isipokuwa pale sheria inapotaja. Hakuna mahali Katiba inaposema kwamba mfanyakazi anaiacha haki hiyo getini pamoja na begi lake.

Ya pili ni Sheria ya Kazi, Code du travail, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Inamtaka mwajiri ahakikishe kazi inafanyika katika hali inayofaa kwa usalama, kwa afya na kwa heshima ya mfanyakazi. Kamera haina sehemu yake humo, na hilo si ajabu, kwa maana mwaka 2002 kamera za kuunganisha na simu hazikuwa bidhaa ya kununua mjini kama leo. Lakini neno heshima limo, na mwanasheria mzuri anajua kulifanyia kazi.

Ya tatu ndiyo mpya: Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, yaani ordonnance-loi (amri ya rais yenye nguvu ya sheria) namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Ina sehemu nzima kuhusu data binafsi, na inawahusu watu binafsi na kampuni, si serikali peke yake. Ukiondoa lugha ya wanasheria, inasema hivi: anayekusanya habari za mtu awe na sababu halali na inayojulikana, achukue kiasi kinachotosha sababu hiyo, asiitunze kupita muda unaohitajika, na ailinde isivuje. Na mwenye habari ana haki ya kujulishwa, kuona kilichohifadhiwa juu yake, kudai kirekebishwe, na kupinga. Kwa hiyo yule abiria wa tatu ana haki kama anatafuta sheria yenye kichwa "Sheria ya Kamera". Hataipata. Ila kamera inayorekodi watu inakusanya data binafsi, na hapo sheria ya 2023 inaikamata.

Njia rahisi ya kuyaelewa haya yote ni kumfikiria sentineli. Unampa ufunguo wa geti ili alinde kiwanja usiku. Ufunguo ule ule, kama unafungua na mlango wa nyumba, haumpi ruhusa ya kuingia chumbani, wala ya kumwazima rafiki yake. Ukimkuta chumbani, hatakujibu kwamba ufunguo ulimpa mwenyewe. Kamera nayo iliajiriwa kwa kazi fulani. Swali la kuuliza kila mara ni: iliajiriwa kwa kazi gani, na je, picha hii bado iko kwenye kazi hiyo?

Tukishika swali hilo, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Kamera inayotazama mlango wa depo ya simenti, rafu za famasi, kaunta ya malipo, ghala la kampuni ya madini au lango ambapo malori yanapimwa ina sababu ambayo hata mfanyakazi anaielewa. Inalinda mali, na mara nyingi inamlinda yeye pia: pesa zikipungua, picha inaweza kuonyesha kwamba hakuzigusa. Wapo washika pesa wengi mjini ambao wangependa kamera iwepo kuliko isiwepo, na hawakosei.

Sasa sogeza kamera ile ile mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Mwenye kampuni ya madini atasema shaba na kobalti zinatoka zimefichwa kwenye nguo za kazi. Inawezekana kweli. Lakini kwa wizi huo kuna upekuzi langoni, ambao unafanywa mbele ya mtu, na mtu wa jinsia moja nawe, na unaisha. Kamera ya chumba cha nguo inachukua miili ya watu wote, wezi na wasio wezi, kila siku, na kuiweka kwenye diski. Hakuna hasara ya mali inayofikia kipimo cha kuhalalisha hilo. Choo, bafu, chumba cha muuguzi wa kampuni na chumba ambamo wajumbe wa sendika, chama cha wafanyakazi, wanakutana viko kundi hilo hilo. Katika mabishano yote ya kamera, hapa ndipo ambapo sioni cha kubishana.

Penye ugumu ni katikati. Kamera imewekwa dukani kulinda mali, halafu bosi akiwa nyumbani kwake mtaa wa Golf anafungua simu asubuhi mpaka jioni na kupiga: "Kwa nini umekaa? Unaongea na nani? Umeenda chooni mara ngapi?" Kamera ni ile ile, mahali ni pale pale, kazi yake ndiyo imebadilika. Ilikuwa inachunga bidhaa, sasa inachunga mtu dakika kwa dakika. Mwajiri ana haki ya kusimamia kazi, maana mkataba wa kazi wenyewe ni kukubali kufanya kazi chini ya uongozi wake. Ila kusimamia ni jambo moja, na kumweka mtu chini ya jicho lisilopepesa saa nane mfululizo ni jambo jingine.

Ubelgiji, ambako sheria zetu nyingi zina mizizi, walilitatua hili tangu tarehe 16 Juni 1998 kwa makubaliano ya pamoja kati ya waajiri na sendika, yanayojulikana kama CCT namba 68. Waliruhusu kamera kazini kwa sababu nne: usalama na afya, kulinda mali ya kampuni, kuangalia mwenendo wa uzalishaji, na kuangalia kazi ya mfanyakazi. Hiyo ya mwisho wakaifunga kamba: iwe kwa muda tu, isiwe ya kudumu. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 1997 kuhusu habari binafsi za wafanyakazi, linasema uangalizi usiokatika ukubaliwe tu pale afya, usalama au ulinzi wa mali unapouhitaji. Makubaliano ya Wabelgiji hayamfungi mwajiri wa Lubumbashi, na mwongozo ule si sheria. Lakini mwanasheria anayetetea mtu hapa, akiwa na neno "heshima" mkononi na kanuni ya "isizidi sababu", anaweza kuonyesha kwamba kipimo hiki hakikutungwa jana.

Halafu kuna suala la kujulishwa. Watu wengi wanaamini mfanyakazi akisaini karatasi ya kukubali kamera, mambo yameisha. Sivyo kabisa. Mtu anayetafuta kazi mjini hapa atasaini chochote. Ukimwekea kalamu na kontra mezani, hatakwambia ngoja nisome ukurasa wa nne. Ndiyo maana saini peke yake ni msingi dhaifu: kibali cha mtu asiyeweza kukataa hakina uzito. Saini haigeuzi kamera ya chooni kuwa halali. Kwa upande mwingine, kutosaini hakuigeuzi kamera ya kaunta kuwa haramu, kama ina sababu ya haki na wafanyakazi wanajua ipo. Kinachohesabika ni sababu, kipimo, na kujulishwa. Kampuni yenye règlement d'entreprise, yaani kanuni zake za ndani, inapaswa kuliandika hilo humo, na kanuni hizo zinapoandaliwa, wajumbe wa sendika wanapaswa kuulizwa maoni. Kubandika tangazo mlangoni lenye mchoro wa kamera ni mwanzo mzuri, ila tangazo linalosema "unarekodiwa" bila kusema kwa nini, na nani anatazama, limetoa nusu ya habari.

Na kamera iliyofichwa? Kesi inayofaa kuisoma ilitoka Uhispania. Mwaka 2009 meneja wa supamaketi aliona pengo la maelfu ya euro kila mwezi kati ya bidhaa na mauzo. Akaweka kamera za kuonekana milangoni, na nyingine za siri juu ya kaunta za malipo. Wafanyakazi waliambiwa zile za wazi tu. Baada ya siku 10 hivi picha zilionyesha wizi, watu 14 wakafukuzwa. Watano kati yao walifika mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Januari 2018 majaji walisema faragha yao imevunjwa. Tarehe 17 Oktoba 2019 baraza kubwa la mahakama hiyo hiyo likageuza uamuzi kwa kura 14 dhidi ya 3: shaka ilikuwa nzito na yenye msingi, kamera zilitazama mahali pa wazi panapofikiwa na wateja, zilikaa siku chache, na picha zilionwa na watu wachache.

Wanaosimulia kesi hii kwa haraka wanasema "basi kamera ya siri inaruhusiwa". Soma tena sababu zake. Toa mojawapo, kwa mfano kamera ikae miezi sita badala ya siku 10, au iwekwe pasipo shaka yoyote ya wizi, na hukumu ingeweza kuanguka upande wa pili. Mahakama ile haina mamlaka Congo. Naileta kwa sababu inaonyesha vizuri namna ya kupima, na kwa sababu majaji wenyewe walipingana, jambo linalopaswa kumtuliza anayedhani jibu ni jepesi.

Sauti ni jambo la pekee, na watu wanalisahau. Kamera nyingi za bei rahisi zinazouzwa mjini zina kipaza sauti ndani. Picha ya kaunta inaonyesha pesa zinaingia na kutoka. Sauti ya kaunta inakusanya mama anayemweleza mwenzake ugonjwa wa mtoto, au wafanyakazi wawili wanaopanga kuingia sendika. Hapo unagusa siri ya mawasiliano iliyotajwa waziwazi kwenye kifungu cha 31, na sioni ni mali gani inayolindwa kwa kusikiliza. Mwajiri anayetaka kulala usingizi azime sauti kwenye mipangilio. Ni kazi ya dakika moja.

Sasa turudi kwenye ile video ya "mwizi", maana kwangu ndiyo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo tunalolicheka zaidi. Tuseme kamera iko halali, mahali pake ni sawa, wafanyakazi wanajua. Tuseme hata kijana alichukua kitu kweli. Picha iliajiriwa ili mwenye duka ajue kilichotokea na, akitaka, aipeleke polisi au kwa mkaguzi wa kazi. Dakika anapoituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, picha imeacha kazi yake. Haimrudishii bidhaa, haimsaidii hakimu. Inamwaibisha mtu mbele ya watu wasiohusika.

Na sheria hapa haiko kimya hata kidogo. Katiba, kifungu cha 17, inasema mshtakiwa anahesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itoke. Sheria ya Jinai ya tarehe 30 Januari 1940, kifungu cha 74, inamwadhibu anayemtuhumu mtu hadharani na kwa nia mbaya kwa jambo maalumu linalomvunjia heshima au kumfanya adharauliwe na watu: kifungo cha siku 8 mpaka mwaka 1 na faini, au mojawapo peke yake. Kisha kuna kifungu cha 258 cha sheria ya madai, kile kila mwanafunzi wa sheria wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anakijua kwa moyo, kinachomlazimisha aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake kulipa fidia. Juu ya hayo weka Code du numérique. Kwa hiyo mwenye duka anaweza kuanza siku akiwa mlalamikaji wa biskuti za faranga chache na kuimaliza akiwa mshtakiwa. Na wanaoisambaza tena, wakiongeza maandishi yao mekundu, wasidhani wamejificha nyuma ya wa kwanza.

Kuna sura nyingine ya jambo hilo hilo, ya tabasamu. Duka linawarekodi wasichana wa kazi wakicheza mbele ya bidhaa, kwa ajili ya TikTok. Kazi yao ni kuuza nguo. Kuwa sura ya tangazo ni kazi nyingine. Anayekubali akubali kwa moyo, na video iondolewe akiomba au akiacha kazi. Anayekataa asipewe kisogo na meneja.

Wafanyakazi wa nyumbani nao wamo. Wengi wanadhani boyi na yaya hawana sheria kwa kuwa wako ndani ya nyumba ya mtu. Sheria ya Kazi inawahusu. Mzazi anayeweka kamera sebuleni ambamo mtoto anashinda na yaya ana sababu ambayo kila mzazi ataielewa, na yaya anapaswa kuambiwa. Kamera kwenye chumba ambacho yaya analala, au bafu analotumia, haina utetezi, hata kama chumba kiko kwenye kiwanja cha tajiri.

Mfanyakazi anapogeuza simu na kumrekodi bosi, je? Anapimwa kwa swali lile lile. Anayerekodi matusi anayotukanwa, au mashine isiyo na kinga, na kuyapeleka kwa mkaguzi wa kazi, picha yake ina kazi. Anayerekodi hesabu za kampuni au nyuso za wenzake na kutupa mtandaoni anajiingiza kwenye shimo lile lile alilomwona bosi ameingia, na zaidi ya hapo anaweza kufukuzwa kwa kosa zito. Nimesikia watu wakishauriana "mfanyie kama alivyokufanyia". Ni ushauri wa kupoteza kazi.

Basi mtu afanye nini siku anapoitwa ofisini na kuwekewa video mezani? Kwanza asisaini maelezo ya kukiri kabla ya kuitazama video nzima, si kipande cha sekunde 10 kilichokatwa. Anayo haki ya kuomba kuona yaliyohifadhiwa juu yake. Aombe kwa maandishi, siku hiyo hiyo kama inawezekana, na abaki na nakala iliyosainiwa na aliyepokea. Haraka hii ina sababu ya kiufundi: mashine nyingi za kurekodi zikijaa zinafuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake, na baada ya wiki chache ile sehemu inayomsafisha inaweza kuwa imepotea.

Pili, ahesabu siku. Chini ya Sheria ya Kazi, mwajiri anayetaka kuvunja mkataba bila notisi kwa kosa zito anapaswa kumjulisha mfanyakazi kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo lenyewe. Video ya miezi mitatu iliyopita, ambayo bosi aliitazama wakati ule akanyamaza, akaitoa leo baada ya ugomvi wa mshahara, ina tatizo hilo la tarehe hata kabla mtu hajazungumzia faragha. Muda na saa vinavyoonekana pembeni mwa picha vinastahili kutazamwa vizuri, pamoja na kama saa ya mashine ilikuwa sahihi.

Tatu, mlango wa kugonga. Code du numérique imeweka Mamlaka ya Ulinzi wa Data kwa malalamiko ya data, na anayetaka kulalamikia matumizi ya picha yake aulize kwanza kama imeshaanza kufanya kazi. Lakini kama kazi yenyewe ndiyo iko hatarini, mlango wa kwanza ni Inspection du travail, ofisi ya wakaguzi wa kazi. Mahakama ya kazi haipokei kesi ambayo haijapita kwanza kwenye upatanisho mbele ya mkaguzi wa kazi, kwa hiyo anayekimbilia moja kwa moja mahakamani atarudishwa. Mbele ya mkaguzi apeleke mkataba, barua aliyopewa, nakala ya ombi lake la kuona video na, kama yupo, mjumbe wa sendika. Na kama video ilitumwa kwenye kundi, achukue picha ya skrini yenye jina la kundi, namba ya aliyeituma na tarehe, kabla aliyeituma hajaifuta.